Kwa nini wanapanda mlima kusudi watazame nyota?

Mwalimu mmoja wa dini wa upande wa Iga Barrière ametuandikia barua yenye maulizo matatu. La kwanza: mwezi ule uliogeuka mwekundu siku ya Dominika, tarehe 7 Septemba 2025, maana yake nini? Anasema watu wengi wa kijiji walitoka nje kuutazama, wengine wakasema ni damu, kwamba vita vitazidi. Na mhubiri mmoja wa pale akawatangazia mwisho wa dunia. La pili: je, ni kweli kwamba Baba Mtakatifu ana mapadri ambao kazi yao ni kutazama nyota juu ya mlima? La tatu, na hili ndilo lililotupendeza kupita yote: mtu wa kwetu akitaka kutembelea nyumba ya namna hiyo, aende wapi, na ataona nini?

Tumalize kwanza habari ya mwezi, kwani ni fupi. Mwezi hauna nuru yake wenyewe. Unaangaza kwa nuru ya jua. Dunia yetu ikipita katikati ya jua na mwezi, sawasawa katika mstari mmoja, kivuli chake kinaanguka juu ya mwezi. Jioni ile ya Septemba, kwa saa ya Bunia, kivuli kilianza kuula mwezi karibu saa kumi na mbili na nusu. Toka saa moja na nusu ya usiku mpaka saa tatu kasoro dakika nane, mwezi mzima ulikuwa ndani yake. Na wekundu? Nuru ya jua inayopita pembeni ya dunia inapenya hewa yetu. Hewa inatawanya rangi ya buluu na kuacha nyekundu ipite, kama mnavyoona kila siku jua linapotua. Basi wekundu ule ulikuwa nuru ya macheo na machweo yote ya dunia, imekusanyika juu ya mwezi. Wahindi, Wachina, Waarabu na watu wa Nairobi waliuona mwezi uleule, kwa dakika zilezile. Kama ulikuwa barua ya vita kwa watu wa Djugu peke yao, ilitumwa kwa anwani nyingi mno.

Tena jambo lile lilikuwa limekwisha kuhesabiwa miaka mingi mbele, saa na dakika. Tarehe 31 Desemba 2028 litatokea lingine, na sisi wa Ituri tutaona mwezi ukipanda jioni, upande wa mashariki, karibu umekwisha kufunikwa. Mwalimu na awatangazie wakristu wake tarehe hiyo mapema, kabla mhubiri hajawahi kusema neno. Mtu aliyeambiwa saa ya jambo mbele ya wakati, halafu akaliona likitokea saa ileile, haogopi tena kwa urahisi. Na katika teritwari ya Djugu, ambako vita vimerudi tangu mwisho wa mwaka 2017 na watu wengi wamelala kambini chini ya mahema, hofu moja iliyoondolewa si kitu kidogo.

Sasa tupande mlima.

Mwenye elimu ya nyota ana maadui watatu: hewa, mawingu na taa. Hewa ndiyo ya kwanza. Tunaishi chini ya hewa kama samaki chini ya maji. Tazameni mabati ya nyumba wakati wa adhuhuri: juu yake hewa ya moto inatikisika, na mti ulio nyuma unaonekana kama unacheza. Usiku ni vilevile, ingawa kwa kadiri ndogo. Nuru ya nyota imesafiri miaka mingi pasipo kizuizi, halafu katika kilometa chache za mwisho inakuta hewa ya joto na hewa ya baridi zinazochanganyika, inasukumwa huku na huku. Ndiyo maana nyota zinapepesa. Sayari, kama Zuhura na Mshtarii, hazipepesi sana, kwa sababu ziko karibu nasi na zinaonekana kama kisahani kidogo, si kama nukta. Kutikisika kwa upande mmoja kunafutwa na kutikisika kwa upande mwingine. Huo ni upelelezi mzuri kwa mtoto wa shule: nuru ambayo haipepesi, mara nyingi ni sayari.

Basi, anayepanda mpaka mita 3,200 ameacha karibu theluthi moja ya hewa yote chini ya miguu yake, pamoja na sehemu kubwa zaidi ya mvuke wa maji, vumbi na moshi. Kile kilichobaki juu ya kichwa chake ni chepesi na kikavu.

Lakini urefu peke yake hautoshi. Kama ungalitosha, tungalikwisha kujenga juu ya Ruwenzori, wenye mita 5,109, na wenye elimu wa Ulaya wangalikuja kupiga hodi kwetu. Ruwenzori unafunikwa na mawingu karibu siku zote. Darubini juu yake ingekaa kama kipofu aliyepewa kiti cha mbele. Ndiyo sababu nyumba kubwa kupita zote zimejengwa penye jangwa na milima pamoja, kama katika nchi ya Chile. Kule, mlima Paranal una mita 2,635. Na uwanda wa Chajnantor, penye chombo kinachoitwa ALMA, una mita 5,000. Hapo hewa imepungua hata wafanyakazi wanatumia oksijeni. Katika kisiwa cha Hawaii, juu ya Maunakea, mita 4,200, wageni wanaombwa wapumzike kwanza penye mita 2,800 mbele ya kuendelea, kusudi damu izoee. Asiyetii, kichwa kinamwuma na tumbo linamgeuka, na nyota haziangalii tena.

Kwa mtu wa Ituri, Chile ni mbali. Mlima wa kwetu, yaani wa Afrika ya Mashariki, ni Entoto, juu ya mji wa Addis Ababa katika nchi ya Ethiopia, ile ambayo wazee waliiita Uhabeshi. Hapo Mfalme Menelik wa pili alikuwa na makao yake mbele ya kuanzisha Addis Ababa, na katika kanisa la Maryam la Entoto alivikwa taji ya kifalme mwaka 1889. Leo, katikati ya mikalitusi, kwa urefu wa mita 3,200 hivi, kuna nyumba mbili za mviringo, na ndani ya kila moja darubini yenye kioo cha upana wa mita 1. Kazi ilianzishwa na chama cha watu wenye kupenda elimu ya anga kilichozaliwa mwaka 2004. Watu waliwacheka: nchi iliyojulikana duniani kote kwa njaa yake, itafute nini mbinguni? Wao walijibu kwamba nchi isiyojifunza itabaki maskini siku zote. Tajiri mmoja alitoa mamilioni ya dola, na mwaka 2015 nyumba ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwezi wa Desemba 2019 Ethiopia ilirusha satelaiti yake ya kwanza kutoka nchi ya China, ya kutazama mashamba na hali ya nchi, na kituo cha kuiongoza ni hapohapo Entoto. Mimi naona walijibu vizuri.

Msafiri wa kwetu atapita Uganda, na toka Entebbe ataruka mpaka Addis Ababa. Asiende wakati wa masika yao, toka Juni mpaka Septemba, kwani hataona kitu ila ukungu. Miezi ya Novemba mpaka Februari ndiyo mizuri. Aandike mbele kuomba ruhusa, maana ni nyumba ya kazi na masomo, si ya maonyesho tu. Achukue koti na soksi nzito. Sisi tuliozoea joto la bondeni hatufahamu baridi ya mlima wa Afrika saa nane za usiku. Siku ya kwanza atembee polepole, anywe maji mengi, asipande ngazi kwa mbio kama kijana mwenye kutaka kuonyesha nguvu.

Ataona nini? Hapa ni lazima kusema kweli, kusudi asirudi na uchungu. Mgeni anafikiri ataweka jicho lake kwenye darubini kubwa na kuona mbingu zimefunguka. Sivyo. Mahali pa jicho, siku hizi, pamewekwa chombo cha kupiga picha, na mwenye elimu anakaa katika chumba kingine mbele ya kompyuta. Nyumba ya darubini haina moto wala taa: hewa ya ndani lazima iwe na baridi sawa na ya nje, la sivyo itatikisika kama ile ya mabati. Paa linapasuka kwa mlio mzito, nyumba yote ya juu inazunguka, chombo kinageukia mahali pake, halafu kimya. Kazi imeanza, na mgeni hana la kufanya. Hata kule Sutherland, katika Afrika ya Kusini, penye darubini inayoitwa SALT, yenye kioo cha mita 11, iliyofunguliwa mwaka 2005, wageni wa usiku wanatazama kwa darubini ndogo zilizowekwa kwa ajili yao.

Lakini darubini ndogo hizo zinatosha kumnyamazisha mtu. Ataona milima ya mwezi na vivuli vyake. Ataona Zohali na pete yake, ndogo, nyeupe, safi hata watu wengine wanadhani ni picha iliyobandikwa ndani ya bomba. Na kioo kikubwa kinafanya nini? Kinakusanya nuru, kama beseni linavyokusanya mvua. Mboni ya jicho gizani inafunguka kwa milimita 7 hivi. Kioo cha mita 1 kinapokea nuru mara 20,000 kupita jicho. Sifa ya kwanza ya darubini si kukuza vitu, kama watu wanavyodhani. Ni kuona vilivyo hafifu.

Tena, wa Entoto wenyewe wanasumbuliwa na adui wa tatu: taa. Addis Ababa iko pale chini, na mji unakua. Ndiyo sababu wameangalia milima ya kaskazini, upande wa Lalibela, kutafuta mahali pengine pa juu zaidi na penye giza.

Hapa tunafika kwenye ulizo la pili, kwani hata Mapapa wamefukuzwa na taa, si mara moja. Ndiyo, ni kweli: Baba Mtakatifu ana nyumba ya kutazamia nyota, nayo inaitwa Specola. Eklezia ilihitaji elimu hiyo tangu zamani, juu ya kalenda. Pasaka inafuata mwezi na jua. Kosa likiingia katika hesabu, sikukuu zinateleza. Papa Gregori wa 13 alitengeneza kalenda mwaka 1582: siku ya kufuata tarehe 4 Oktoba ikaitwa tarehe 15. Hesabu hiyo ndiyo tunayofuata leo, na hata serikali zisizomjua Papa zinaifuata.

Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 alisimamisha upya Specola katika Vatikano yenyewe, nyuma ya Basilika la Mtakatifu Petro. Wakati ule mataifa mengi yaligawana mbingu kusudi kila moja lipige picha za sehemu yake na kuzipima nyota zake. Vatikano ilipata sehemu yake, na kazi ya kupima ilifanywa na masista wanne, mwaka kwa mwaka, toka 1910 mpaka 1921: nyota karibu 480,000, moja moja, kwa kioo cha kukuza na hesabu. Majina yao yalisahauliwa muda mrefu. Ni Sista Emilia Ponzoni, Regina Colombo, Concetta Finardi na Luigia Panceri, nasi tunayaandika kusudi yajulikane katika nyumba za masista wetu pia.

Halafu taa za Roma zikazidi. Mwaka 1935, wakati wa Papa Pio wa 11, darubini zilihamishiwa Castel Gandolfo, mashambani. Roma ikapanuka, taa zikafika na huko. Mwaka 1981 mapadri wakafungua kituo katika Arizona, Marekani, na mwaka 1993 darubini yao yenye kioo cha mita 1.8 ilianza kazi juu ya Mount Graham, zaidi ya mita 3,100. Tusifiche kwamba Waapache, wenyeji wa nchi ile, walipinga ujenzi katika mlima huo, kwa kuwa kwao ni mahali patakatifu. Neno lao lilifika hata mbele ya mahakimu. Sisi wenye vilima vya wazee wetu tunaweza kufahamu uchungu wao. Wengi wa wanaofanya kazi pale ni Wayezuiti. Tangu Septemba 2025 mkubwa wao ni Padri Richard D'Souza, mzaliwa wa Uhindi. Papa Leo wa 14 alitembelea nyumba ya Castel Gandolfo tarehe 20 Julai 2025. Na tangu mwaka 1986 wanaita mara kwa mara vijana wanafunzi wa nchi nyingi, hata za Afrika, kuja kusoma mwezi mmoja wakati wa likizo. Seminari au chuo chenye kijana hodari wa hesabu na afahamu kwamba mlango huo upo.

Padri mwingine aliona mbali kupita wote, wala hakuhitaji mlima. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipata upadri mwaka 1923, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Leuven. Mwaka 1927 aliandika kwamba ulimwengu wote unapanuka, kama mkate wenye chachu, na zabibu zilizo ndani yake zinaachana. Mwaka 1931 alisema zaidi: tukirudisha hesabu nyuma, vitu vyote vilikuwa pamoja katika mwanzo mmoja mdogo sana. Hata Einstein alisita kwanza. Mwaka 1965 Wamarekani wawili walitambua mabaki ya joto la wakati ule wa mwanzo; Lemaître, mgonjwa, alipata habari hiyo mbele ya kufa kwake mwezi wa Juni 1966. Mwaka 2018 wenye elimu ya nyota wa dunia nzima walikubali kwa kura kwamba sheria ya kupanuka kwa ulimwengu iitwe kwa jina lake pia, si kwa jina la Hubble peke yake.

Waseminari waangalie vizuri jambo moja. Mwaka 1951 Papa Pio wa 12 alifurahi sana kwa elimu hii, akazungumza mbele ya wataalamu kana kwamba inathibitisha neno la kuumbwa kwa dunia. Nani alihuzunika? Lemaître mwenyewe, padri. Alijua kwamba hesabu zake zinaeleza namna vitu vilivyotawanyika toka hali ya kwanza, wala hazisemi neno juu ya Muumba; na kwamba elimu inaweza kesho kusahihisha ya jana. Imani iliyotegemea hesabu ya mwaka huu, mwaka ujao itakuwa wapi? Alizungumza na wenye kumshauri Papa, na katika hotuba ya mwaka 1952 kwa wataalamu wa nyota Papa hakurudia neno lile. Kwa hiyo, mtu akikuuliza kama kitabu cha Mwanzo kinasema sawa na Lemaître, usikimbilie kusema ndiyo kusudi umpendeze. Mwambie kwamba kila kimoja kinajibu ulizo lake.

Turudi sasa Iga Barrière, kwani hapa ndipo tulipotaka kufika. Wataalamu wanalipa mamilioni na kupanda milima kutafuta giza. Giza lile sisi tunalo, bure. Bunia ina taa zake, na penye dhahabu kuna jenereta na maduka yenye kukesha. Lakini ukiacha barabara kidogo, usiku usio na mwezi, mbingu ya Djugu ni nyeusi kupita ile ya Castel Gandolfo. Hewa kavu hatuna, na mawingu ni mengi. Lakini toka Desemba mpaka Februari kuna usiku mzuri, zaidi ule unaofuata mvua ya ghafula, maana mvua inaosha moshi wa nyasi zilizochomwa.

Na tuna jambo lingine ambalo Paranal haina. Tuko karibu na ikweta, digri moja na nusu hivi upande wa kaskazini. Mtu wa Paris, hata akiishi miaka mia, hataona Msalaba wa Kusini toka nyumbani kwake. Mtu wa kusini ya Chile haoni vizuri Dubu Mkubwa wa kaskazini. Mtu wa Iga anaviona vyote viwili usiku mmoja: katikati ya mwezi wa Mei, karibu saa mbili na nusu ya usiku, Msalaba unasimama upande wa kusini, na nyota saba za Dubu upande wa kaskazini, zinatazamana juu ya kichwa chake. Karibu nyota zote za mbingu zinapita kwetu kwa mwaka mmoja. Ile ya ncha ya kaskazini tu haionekani. Iko chini kabisa, inafichwa na vilima na vumbi. Mwezi wa Januari tazameni Kilimia, lile fungu dogo la nyota ambalo wakulima wa pwani walilifuata kwa kulima. Mwezi wa Novemba, juu upande wa kaskazini, jicho zuri linaona alama hafifu kama moshi: ni Andromeda, kundi la mamilioni elfu ya nyota, ambalo nuru yake ilianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita. Hakuna kitu cha mbali kupita hicho ambacho macho matupu yanaona kwa urahisi.

Sharti moja tunaliweka wazi. Wakati huu msitoe watoto usiku kwenda kilimani. Mkae katika uwanja wa parokia au wa shule, na wakubwa wa mahali wajue mnafanya nini. Msimulike taa huku na huku. Nyota zinaonekana uani sawasawa na kilimani.

Na vijana wanaoosha mchanga wa dhahabu, mwalimu awaambie habari hii, wataisikia kupita hotuba nyingi. Dhahabu ya Kilo ilitambulikana na Wazungu mwaka 1903. Lakini ilitengenezwa wapi? Si ndani ya ardhi. Jua letu haliwezi kutengeneza dhahabu, halina nguvu ya kutosha. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilisikia mtikisiko wa nyota mbili zilizokufa, ndogo kama mji na nzito kupita jua, zilizogongana mbali mno, mwendo wa nuru wa miaka milioni 130. Nyuma ya saa kumi na moja hivi, darubini moja ya mlima wa Las Campanas, Chile, ilipata nuru ya mgongano ule. Kioo chake kina mita 1 tu, sawa na vile vya Entoto. Nuru ilionyesha kwamba katika moto ule vitu vizito vilikuwa vinazaliwa kwa wingi, na wataalamu wengi wanasadiki kwamba sehemu kubwa ya dhahabu ya ulimwengu ilitoka katika migongano ya namna hiyo, mbele dunia yetu haijakuwa. Kipande kile kidogo kinachopimwa kwa mizani pale Iga, ambacho watu wamekifia, ni kikubwa kwa umri kupita dunia.

Kwa atakayetaka kuanza juma hili, anunue au aazime darubini ndogo ya macho mawili, ile watu wetu wanaita jumeli. Akae gizani dakika 20 au 30 kwanza, macho yafunguke. Kama anahitaji taa ya kuandikia, aifunike kwa kitambaa chekundu, kwani nyekundu haiharibu giza la macho. Aegemeze viwiko juu ya ukuta, mikono isitetemeke. Atafute Mshtarii, na pembeni yake ataona nukta mbili, tatu au nne katika mstari mmoja. Ni miezi yake, ile aliyoitambua Galilei mwezi wa Januari 1610. Achore mahali pa kila nukta kwenye daftari, na tarehe na saa. Kesho yake achore tena, na keshokutwa. Nukta zitakuwa zimehama, na siku nyingine moja itakosekana, kwa kuwa imepita nyuma au mbele ya Mshtarii. Atuletee daftari lake likijaa, tutalichapa.